Vijiko Vitatu vya Magadi

Siku ya arobaini baada ya kifo cha Bi Halima, wageni walipomaliza kula na kuondoka, tulibaki watu sita katika sebule yake kule Membley. Alikuwepo Rajabu, mtoto wa marehemu mumewe, Mzee Juma, kwa mke wa kwanza, ambaye Bi Halima alimlea tangu hajaanza kung'oa meno ya utotoni. Alikuwepo Mwanaisha, mke wa Rajabu. Alikuwepo Mutiso, muuza samaki wa urembo, aliyemzoeza Mzee Juma ugonjwa ule wa kuweka bahari ndani ya nyumba. Alikuwepo Mama Kevo, jirani wa ukuta mmoja. Wafula, askari wa geti, aliitwa ale, akaona haya kukalia kochi, akavuta stuli karibu na mlango. Na mimi, Mama Njoki wa Gatuanyaga, ambaye si ndugu wa mtu yeyote pale wala si wa dini yao, lakini nililala katika nyumba ile miezi minne na siku kumi. Wa saba, ukitaka kumhesabu, ni Kofia. Huyo alikuwa ndani ya maji yake, amefura vizuri, na lile kovu lake jeupe la ukubwa wa sarafu limekaa ubavuni, limenielekea mimi. Nilikaa nalitazama mpaka Mama Kevo akaniuliza kama chai yangu haina sukari.

Nitasema Kofia ni nani. Ni jiwe la baharini lililo hai, wenye vitabu wanayaita mawe hayo matumbawe. Mzee Juma alimpata akiwa mdogo kama kifungo cha koti, akamlea mpaka akawa kama sahani. Ana mikunjo ya kijani inayozunguka, huku imetoka, huku imeingia, kama kofia iliyoshonwa kwa mkono, ndiyo maana ya jina. Walioishi naye ni samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, Mwenyekiti na Katibu. Mwenyekiti ni jike. Nilipouliza kwa nini, Bi Halima aliniambia, "Kwani hapa nyumbani mwenyekiti alikuwa nani?"

Mambo ya nilikozaliwa na kulelewa nayaacha, hayana ladha. Watu wengine wakisimulia mwaka uliowafunza wanasema mwaka fulani wa usichana wao. Mimi usichana wangu ulikwenda mbio, nikabeba maji, nikabeba watoto, shule nikaachia darasa la tatu. Mwaka ulionifunza ulikuja nikiwa na mvi na goti bovu, na mwalimu wangu alikuwa amesimama nje ya dirisha la jikoni.

Mzee Juma alifariki mwezi wa pili, mwaka huo. Mimi na Bi Halima tulikuwa tumeuza meza kwa meza katika soko la Thika miaka mingi, yeye mahamri, mimi mayai, kwa hivyo niliposikia nilifunga kabegi kangu nikaenda kulia naye siku tatu. Siku ya tatu akanishika mkono. "Mama Njoki, usiende. Nikae eda na nani? Rajabu ataniletea binamu yake Zuhura, na Zuhura hanyamazi hata akiwa anatafuna." Eda ni ile ada ya mjane wa Kiislamu. Anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa shida, hajipambi, hajipaki manukato, na wanaume wasiokuwa wa familia hakai nao. Bi Halima aliishika eda yake sawasawa kama alivyoshika kila kitu. Mimi nikatuma neno nyumbani kuku wangu waangaliwe, nikabaki.

Lile tanki lilikuwa sebuleni, kioo pande zote, refu kama kitanda cha mtoto, lita mia tatu. Taa yake ya buluu ilifanya sote tuonekane kama tumepigwa baridi. Rajabu alilitaka litoke. Hakuwa na ubaya. Siku moja baada ya matanga alikaa kwenye kiti cha baba yake akasema polepole, "Mama, hii kitu si ua la kumwagilia. Baba alikuwa anaipima kila siku. Mikono yako inatetemeka. Hivi viumbe vitakufa kimoja kimoja humu ndani, na wewe utamzika Baba mara ya pili. Wacha Mutiso avichukue vikiwa hai."

Bi Halima alikuwa ameficha mikono chini ya kanga. Ilimtetemeka kweli, tangu miaka miwili nyuma, kikombe cha chai alishika kwa mikono miwili. Akasema, "Juma ameacha vitu vinavyopumua humu ndani. Mimi, na hivyo. Vikienda, nitakuwa napumua peke yangu."

Mwishowe wakapatana. Likifika mwisho wa eda lingali hai, tanki litabaki, na hatalitaja tena. Likianza kufa, Mutiso atalichukua siku hiyo hiyo. Akatoka akaenda Thika kwenye duka lake la vipuri, na Bi Halima akanigeukia. "Umesikia? Sasa mimi nitasoma, wewe utashika." Kwa sababu Mzee Juma alikuwa ameacha daftari la maagizo, na herufi zake zilikuwa ndogo kama chawa. Mimi herufi hizo siziwezi. Bi Halima aliweza kusoma lakini hakuweza kushika kichupa bila kumwaga. Tulipowekwa pamoja tukatosha kuwa mtu mmoja.

Mutiso ndiye angetusaidia, lakini hakuweza kuingia, kwa ajili ya eda. Basi kila Jumatatu alikuja akasimama nje ya dirisha la jikoni, mimi nikasimama ndani karibu na sinki, na Bi Halima akakaa chumbani mlango ukiwa wazi kidogo. Alimsikia Mutiso vizuri sana, lakini hakumjibu. Alinijibu mimi.

"Mwambie leo chumvi ni thelathini na saba."

"Nimesikia," anasema Mutiso.

"Anasema amesikia," namwambia.

"Mwulize mbona imepanda na hatujaongeza chumvi."

Mutiso, ambaye huniita shosho, yaani bibi yake, anakuna kichwa. "Shosho, maji yakipungua ndani ya tanki huwa mnaongeza nini?"

"Si ni maji ya chumvi? Ni tanki la chumvi."

"Haya. Supu yako ikikaukia jikoni, unaongeza nini?"

"Maji."

"Na chumvi je?"

"Chumvi ya nini tena, si iko ndani bado..." Hapo nikaelewa mwenyewe. Maji ndiyo yaliyokuwa yanapaa hewani, chumvi inabaki. Mimi wiki nzima nilikuwa naongeza chumvi juu ya chumvi. Kutoka chumbani nikasikia Bi Halima anacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Mwambie Mutiso," akasema, "huyu mama nimekula githeri yake ya mahindi na maharagwe miaka ishirini, na kila mara nilikunywa maji usiku kucha."

Nikajifunza hivyo, kwa mambo niliyokuwa nayajua tayari. Maji ya bomba ya kwetu pale hayakufaa, maana ni ya kisima, yanaacha ukoko mweupe kwenye birika. Wafula alituletea mitungi kutoka duka la maji ya kuchujwa. Tuliyamwaga kwenye pipa la buluu, tukatia chumvi ya bahari inayouzwa kwa ndoo, si hii ya kupikia, tukaweka pampu ndogo izungushe siku nzima. Kisha kupima. Kulikuwa na kadarubini ka kuangalia chumvi, unatia tone moja unaangalia kwenye mwanga wa dirisha mpaka mstari ufike thelathini na tano. Joto nilipima kwa kiwiko kwanza, kama maji ya kuoga mtoto, halafu kwa kipimajoto, na kiwiko changu hakikukosea zaidi ya mara mbili. Maji mapya lazima yafanane na ya zamani kwa kila kitu kabla hayajakutana. Bi Halima alisema ni kama kumwingiza mke mwenza, usimwingize na kelele.

Kuna vitu vitatu ndani ya maji ambavyo Kofia anakula bila kuonekana anakula. Cha kwanza kinaitwa kalsiamu. Hicho nilikielewa mara moja kwa sababu ya kuku. Kuku wa mayai asipopewa chokaa kwenye chakula, anataga yai laini kama ngozi, ukilishika linabonyea. Kofia naye anajijengea mfupa wake kutoka kwa maji, na maji yakikosa chokaa anakosa pa kukaa. Cha pili ni alkali, ambayo inamsaidia kuifanya hiyo chokaa iwe mfupa. Cha tatu ni magnesiamu, inayofanya hao wawili wasigombane ndani ya maji. Daftari la Mzee Juma lilisema alkali iwe nane, kalsiamu mia nne na ishirini, magnesiamu elfu moja mia tatu. Nilizishika kama namba za nyimbo za kanisa. Hata leo ukiniamsha usingizini nitakutajia.

Alkali tuliipima asubuhi baada ya chai. Naona kama nakaa pale sasa hivi. Meza ina kitambaa cha plastiki cha maua, mahamri yamefunikwa, harufu ya iliki. Namwaga maji kidogo ya tanki kwenye kichupa cha kioo, halafu nadondosha dawa tone baada ya tone, nikitikisa. Maji yanakuwa buluu, buluu, buluu. Bi Halima anahesabu kwa sauti kwa sababu mimi nikihesabu mkono unasimama. "Sita... saba... tikisa, mama, unatikisa kama mtu mwenye haya... nane." Na la nane linageuka manjano. Tone moja ni moja, matone manane ni nane. Ikiwa saba, tunatia kijiko cha chai cha unga mweupe kutoka kopo la Mzee Juma, umeyeyushwa kwenye jagi la maji ya kuchujwa, unamwagwa kidogo kidogo kwa saa nzima. Hiyo saa ndiyo tuliyopigia hadithi. Nilijua mambo ya Mzee Juma ambayo hata Rajabu hayajui, na hayo siyaandiki.

Ilikwenda hivyo mpaka mwezi wa tano, na baridi ikaingia. Kofia alikuwa anakua, na kukua ndiko kulikotuponza, maana alikula zaidi. Alkali ikashuka saba, ikashuka sita. Na kopo la unga likaisha. Mutiso alikuwa amekwenda Kitui kumzika mjomba wake, simu yake inasema haipatikani. Siku mbili tunapima, sita, sita. Bi Halima hakulala vizuri, nilimsikia akigeuka. Siku ya Jumanne alipoingia chumbani kuswali adhuhuri, mimi nilikuwa sebuleni na lile kopo tupu mkononi. Ndani kulikuwa na vumbi kidogo limebaki pembeni. Nikalilamba.

Ngai, Mungu wangu! Ladha ile naijua. Ladha ile nimepika nayo maisha yangu yote. Ni magadi! Yale mawe ya rangi ya maji ya maziwa tunayotia kwenye githeri ili mahindi makavu yaive upesi. Nilikuwa na mfuko wake jikoni, nilikuja nao kutoka Gatuanyaga, na Bi Halima alikuwa amenichekea, "Wewe na magadi yako, utanitoboa tumbo." Sikufikiri mara mbili. Nikaona Mungu ameniwekea jibu ndani ya mfuko wa karatasi. Nikayaponda kwa kitako cha chupa. Nikaona kijiko cha chai ni kidogo, kwa sababu tumechelewa siku mbili. Nikachukua cha mezani. Kimoja kwa leo, kimoja kwa jana, kimoja kwa juzi. Vyote vimejaa. Jagi nikalisahau, nikamwaga vikavu, pale pale maji ya pampu yanapotokea ili visambae.

Tanki liligeuka maziwa. Sisemi kwa mfano, lilikuwa jeupe, nyuma ya kioo huoni hata kidole. Mwenyekiti na Katibu walipotea, Kofia akapotea, taa ya buluu ikawa kama mwezi nyuma ya wingu. Nikabaki nimesimama na kijiko.

Bi Halima akatoka bado amejifunga nguo yake ya sala. Alitazama tanki, akatazama kijiko.

"Mama Njoki. Umetia nini?"

"Magadi."

"Ya githeri?"

"Ya githeri, Bi Halima."

Akakaa kwenye mkono wa kochi. Midomo yake ilicheza, nikajua ni kilio, lakini mpaka leo nadhani nusu ilikuwa kicheko. Hakupata nafasi ya kuamua. Honi ililia getini, na ilikuwa Jumanne, siku ambayo Rajabu alikuja na mboga kutoka Thika. Alifungua mlango na kikapu cha sukuma wiki begani. Kikaanguka.

"Nani amefanya hivi?"

Mimi nilifungua mdomo. Bi Halima akanikanyaga mguu, na mguu wake si mwepesi. "Ni mimi," akasema. "Nilikuwa natia dawa, mkono ukaruka, kopo likanitoka."

Rajabu ni mtu mpole, nataka mjue hivyo kabla sijaandika alichosema. Alisema, "Mikono hiyo haiwezi kushika hata kikombe, na unataka kushika roho! Baba hajamaliza mwaka na umemmaliza tena." Kisha akafunika uso. Bi Halima alitoa mikono yake chini ya nguo akaiweka magotini, ikawa inatetemeka mbele yetu wote, kama ushahidi. "Jumamosi," Rajabu akasema. "Jumamosi nakuja na mapipa, na Mutiso akiwa amerudi nitakuja naye." Akaokota sukuma wiki moja moja, akaziweka jikoni, akaondoka bila chai.

"Mbona umenifunga mdomo?" nikamwuliza. Nilikuwa nalia mimi.

"Akijua ni wewe atakurudisha Gatuanyaga leo, na kesho Zuhura yuko hapa. Mimi ni mama yake, hata nikikosa atanipeleka wapi? Nyamaza, ukae na mimi."

Mutiso alipatikana kwenye simu jioni. Nilimweleza kila kitu, na nikamwapisha asiseme. "Shosho," akasema, "ulilamba? Ulimi wako si mjinga. Hayo magadi na ule unga ni watu wa ukoo mmoja. Lakini ule umesafishwa, na haya yametoka ziwani na mambo yake mengine. Na wewe umemwaga ya siku nyingi kwa dakika moja. Alkali ikija kwa kishindo hivyo inaikamata kalsiamu majini, zinaganda pamoja. Hicho cheupe ndicho chakula cha Kofia, kimegeuka vumbi."

"Tumwage maji yote tuweke mapya?"

"Hapana! Ukifanya hivyo utamuua kwa huruma. Leo msiguse. Kesho mtoe lita thelathini, mtie lita thelathini, chumvi ile ile, joto lile lile, kwa mpira mwembamba, polepole. Kesho kutwa tena. Mpaka niseme basi."

Tulifanya hivyo. Wafula alibeba mitungi mpaka akauliza kama tunaoga tembo. Jumatano asubuhi weupe ulikuwa umetulia chini kama unga, nikaunyonya kwa mpira. Tukapima. Alkali ilikuwa imeruka kutoka sita mpaka kumi na moja, na kalsiamu imeshuka. Kimoja juu, kingine chini, kama mzani wa soko uliopigwa teke. Mwenyekiti na Katibu walijitokeza, wamekasirika. Kofia alikuwa amejikunja akakonda mpaka makali ya mfupa wake yanaonekana, na ubavuni nyama ilikuwa imetoka, pamebaki peupe. Bi Halima alikaa mbele yake siku tatu na tasbihi yake. Hakunilaumu hata mara moja. Nilipika githeri bila magadi, ikawa ngumu kama risasi, tukaitafuna hivyo hivyo.

Jumamosi Rajabu alikuja kweli, na mapipa matatu ndani ya gari. Mutiso alikuwa amerudi, akabaki barazani, nje ya dirisha la sebuleni. Bi Halima alisema, "Kula kwanza." Rajabu akakataa, halafu akala, maana ilikuwa wali wa nazi na maharagwe na alijua mkono wa nani umekuna nazi, huo huo alioutukana. Nikaona mimi sina la kufanya ila kazi yangu. Nikaleta vichupa mezani, kando ya sahani yake, nikaanza kudondosha. Bi Halima hakuhesabu. Alinitazama tu. Mkono wangu ukasimama. Rajabu, mdomo umejaa, akasema, "Nne hiyo. Endelea." Akahesabu tano, sita, saba. Akaacha kijiko. La tisa likageuka manjano.

"Tisa ni nzuri au mbaya?"

"Ilikuwa kumi na moja," nikasema. "Inarudi nyumbani."

Akaenda mbele ya kioo. Maji yalikuwa safi, lakini Kofia alikuwa bado amejifunga. "Huyu amekufa," akasema.

Bi Halima aliinuka. Akaleta uduvi kidogo uliosagwa kwenye maji, akautia kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Mikono yake miwili ikashika, ikatetemeka, na Rajabu akaishika yote miwili kwa mikono yake. Wakadondosha pamoja, karibu na Kofia. "Baba yako alimlisha hivi," akasema, "halafu anakaa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kukaa." Rajabu akakaa sakafuni na suruali yake nzuri. Tulikaa sana, chai ikapoa. Halafu katikati ya mikunjo kikatokea kitu kama nywele, kimoja, kama kinachungulia. Kikatokea kingine. Halafu ukingo wote upande ule mzima ukaota vidole vidogo vya kung'aa, vinapapasa maji, vinatafuta uduvi.

"Mwulize Mutiso..." Bi Halima akaanza.

"Nimeona!" Mutiso akapiga kelele dirishani. "Anakula!"

Rajabu aliyarudisha mapipa garini yakiwa matupu. Kofia alibaki na kovu, lakini alibaki. Tuliendelea kubadilisha maji mpaka matone yakarudi manane, na eda ikaisha mwezi wa sita, Bi Halima akaoga, akavaa, akajifukiza udi, akatoka mpaka getini akamsalimia Wafula kama mtu aliyetoka safari. Siku hiyo alinifungashia mahamri. Juu yake akaweka kipande kimoja cha kanga mpya, nyekundu na nyeusi, kile kingine cha doti amebaki nacho yeye. "Chukua," akasema, "hiki ni jasho lako." Nilidhani anasema jasho la kubeba maji. Nikashukuru, nikaenda zangu kwa kuku wangu.

Hayo ndiyo niliyoyasimulia miaka kadhaa baadaye, siku ya arobaini ya Bi Halima, mbele ya wale watano na Kofia. Sikuwa nimepanga. Lile kovu lilinitazama mno. Nikasema, "Rajabu, mama yako hakumwaga kitu siku ile. Ni mimi. Yalikuwa magadi." Mutiso akaangalia viatu vyake. Rajabu akaweka kikombe chini, akanitazama, akakitazama kiuno changu. Nilikuwa nimejifunga ile kanga, nimeivaa kwa heshima yake, imeshapauka.

"Hiyo kanga," akasema, "unajua ilitoka wapi?"

"Alinipa yeye."

"Mimi nilimnunulia! Doti nzima. Yale maneno ya mikono yalininyima usingizi wiki tatu. Nikanunua doti nzuri kuliko zote Thika, nikampigia magoti hapa, hapa nilipokaa, nikamwomba msamaha. Na yeye akapokea! Akaniambia, nimekusamehe mwanangu, lakini usirudie." Akaanza kucheka, akacheka mpaka Mwanaisha akampiga mgongoni, mpaka machozi yakamtoka yakaendelea kutoka hata kicheko kilipokwisha. Halafu akajifuta, akaenda kabatini, akarudi na vile vichupa. Siku hizi yeye ndiye anayepima. Macho yangu hayaoni tena buluu inapogeuka. Akadondosha, na mimi nikahesabu kwa sauti, mahali pa Bi Halima. Matone yalifika manane.

Hivi ndivyo ninavyoyakumbuka. Inawezekana Wafula alibeba mitungi mingi zaidi kuliko nilivyosema, na kanga labda ilikuwa na nyeupe ndani yake, imepauka siwezi kuapa. Kama kuna jina nimelikosea au siku nimeihamisha, wewe uliyekuwepo, au uliyesikia kutoka kwa aliyekuwepo, njoo Gatuanyaga unisahihishe, nitakupikia. Lakini vile vijiko usinisahihishe. Vilikuwa vitatu, vya mezani, vimejaa, na mkono ulikuwa wangu.